Walioitwa Kumbeba Waya

Kaka yangu hajui kubembeleza. Tangu utotoni ukimletea maneno marefu anayaparuza mpaka linabaki neno moja, kisha anakurudishia hilo hilo moja. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Randa, wala si kwa sababu ya useremala tu kama wageni wanavyodhani. Maseremala wapo wengi. Randa ni mmoja, ndugu yangu wa tumbo moja, na mara nyingi nimetamani kumpiga na kiatu.

Mimi ni msusi. Chumba changu cha kusukia kimepakana na karakana yake, na ukuta katikati ni wa mbao alizopigilia mwenyewe, kwa hiyo akigonga huko, kwangu kioo kinatikisika na wateja wananilaumu mimi. Yeye anasikia umbea wangu wote, nami nasikia maombi yake. Randa akiomba hafumbi macho, anaendelea kupiga msasa. "Bwana, mlango wa yule mjane unakwama, nikumbushe kesho. Amina." Basi, kamaliza. Siku moja nikamuuliza kupitia ukutani, kaka, huko mbinguni wanajua unaongea nao, au wanadhani unaongea na mbao? Akasema, "Wanajua."

Kanisa letu lipo mwisho wa mtaa, karibu na reli. Benchi zote alizitengeneza yeye na mwenzake wa ng'ambo ya reli tunayemwita Vumbi, maana tangu ujana wake hajaonekana bila unga wa mbao kwenye nyusi. Hao wawili walikuwa chanda na pete. Walipasua magogo pamoja kwa ule msumeno mrefu wa watu wawili, mmoja juu ya gogo, mmoja chini, na kazi ile huwezi kuifanya na mtu usiyemwamini. Walikula pamoja, wakaoa mwaka mmoja, wakabatiziana watoto. Halafu siasa ikaingia.

Upande wetu wa reli wengi wanapenda chama hiki, upande wa pili wanapenda kile. Zamani ilikuwa utani tu. Kampeni za uchaguzi uliopita ndizo zilizotuharibia. Watu walianza kukaa kanisani kwa vyama, hawa kulia, hawa kushoto. Kisha mzee mmoja wa kanisa akasimama kuombea nchi, akajikuta anamwombea mgombea wake kwa jina, na mwingine wa upande wa pili akasema "Amina haitoki!" kwa sauti. Jamani! Mbele ya watoto wa ubatizo. Baada ya hapo wa ng'ambo wakaondoka, wakaanzisha kanisa lao kwenye ghala la zamani la mbolea, na tukagawana vitu kama watu wanaoachana: benchi nusu kwa nusu, ngoma yetu, kinanda chao.

Ikabaki meza ya Bwana. Kila upande uliitaka. Wakabishana mpaka mzee mmoja, bila aibu, akapendekeza ikatwe katikati, na akamgeukia Randa kwa kuwa ndiye mwenye msumeno. Randa aliinua meza, akaitwika kichwani, akatoka nayo mlangoni, akaiweka kwenye karakana yake na kuifunika shuka. Wakamfuata wakipiga kelele. Akawaambia, "Mtaikuta hapa mkiacha utoto." Tangu siku ile makanisa yote mawili yanashiriki kwenye meza za kuazima, na hakuna aliyethubutu kuja kumnyang'anya. Mtu akija kununua stuli akataka kuweka hata mkoba juu ya shuka ile, anafokewa.

Sasa nifike kwa Waya, maana ndiko ninakokwenda, ingawa moyo hautaki.

Waya alikuwa mtoto wa kiume pekee wa Randa na wifi yangu. Fundi umeme. Kimo cha baba yake, mdomo wa shangazi yake, yaani wangu. Akiingia kwangu wateja wote walikuwa wanaacha kulalamika kwamba nimewavuta nywele. Hakuwa na chama. Chama chake kilikuwa mpira na mchumba wake, na kati ya hivyo viwili sijui kipi alikipenda zaidi.

Wakati wa kampeni fulana zinagawiwa bure, na nani anakataa nguo ya bure? Kwetu fulana ya kampeni ndiyo nguo ya kazi. Ya kupakia rangi, ya kudekia, ya kuchimbia choo. Randa anafutia vanishi. Nimeshaona uso wa mgombea umelowa vanishi mpaka masikioni, nikacheka hadi mteja wangu akageuka na msuko ukapinda. Hakuna anayeichukulia fulana ile kuwa ni imani ya mtu. Au ndivyo tulivyodhani.

Siku matokeo yalipotangazwa na watu wakayakataa, Waya alikuwa ng'ambo, juu ya dari ya nyumba ya mtu, akivuta nyaya. Darini kuna vumbi na uchafu wa popo, ndiyo maana alivaa fulana ya kampeni, ya chama cha upande wetu. Aliposikia kelele alishuka haraka, akachukua mfuko wake wa vifaa, akakimbilia nyumbani bila kubadili nguo. Pale sokoni akakutana na kundi. Hawakumuuliza jina. Hawakumuuliza ametoka wapi wala anaenda wapi. Walisoma kifua chake wakaokota mawe.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nilikuwa nimewasikia vijana wa upande wetu wakijisifu kwamba asubuhi ile ile walichoma duka la mtu wa ng'ambo, na sikusema kitu. Jioni wakatuletea mtoto wetu kwenye mkokoteni.

Sitaeleza zaidi ya hapo. Randa alikwenda polisi, akaandikisha maelezo, akawaambia anataka waliofanya vile washtakiwe. Wakamwambia uchunguzi unaendelea. Akarudi, akafungua karakana, akachagua mbao zake bora, zile alizoziweka zikauke akipanga kumtengenezea Waya kitanda cha ndoa, akaanza kupiga randa.

Ndipo Mheshimiwa, mgombea wa chama cha upande wetu, akaja. Nampa jina hilo kwa kuwa ndilo tunalomwita, si kwa kuwa anastahili. Alikuja na magari, mahema, viti vya plastiki, na kijana mmoja kiongozi wa vijana wa chama anayejiita Kamanda. Kamanda wa nini, sijui, maana jeshini hajawahi kwenda, hata shule alikuwa anachelewa. Walileta na jeneza kutoka mjini, la kioo, na bendera kubwa ya kulifunika.

Mheshimiwa akamshika Randa begani. "Mzee wangu, pole sana. Kijana huyu sasa si wako peke yako. Ni shujaa wa chama. Amekufa akitetea kura zetu."

Randa akasema, "Alikuwa darini."

"Sijakuelewa, mzee."

"Alikuwa juu ya dari anavuta waya. Hakutetea kitu. Alikuwa kazini."

Mheshimiwa akatabasamu lile tabasamu la kwenye mabango. Akaeleza mpango. Baada ya ibada, vijana watalibeba jeneza, watavuka reli, watamzungusha shujaa sokoni kule kule alikouawa, ili wale watu wamwone, halafu ndipo atarudishwa kuzikwa nyuma ya kanisa. Alisema "kwa amani" mara nyingi mno. Nyuma yake Kamanda alikuwa anawagawia vijana fimbo kutoka kwenye gari, na kwenye gari lile niliona pia madumu, na hayakunuka maji. Kila mtu pale uani alijua. Jeneza likivuka reli vile, wa ng'ambo watatoka na mawe, wa kwetu watawasha moto, na kufikia jioni tutakuwa na majeneza mengine ya kutengeneza.

Na mimi nilitaka. Nasema wazi, nilitaka wavuke. Nilitaka kila mama wa ng'ambo alie nilivyolia, nilitaka ghala lao la mbolea liwake. Mheshimiwa alipoondoka nikaingia karakana nikamwambia Randa, waache wampeleke! Kwa nini sisi tu ndio tuzike kimya kimya kama tuliokosa?

Randa alikuwa ameshaunga ubavu wa kwanza wa jeneza. Akasema, "Hapana."

"Hapana nini? Ni mwanao!"

"Ndiyo maana."

Lo, niliondoka nimevimba, nikaubamiza mlango wake mpaka bawaba ikalegea. Hata hiyo bawaba aliitengeneza siku ile ile, katikati ya msiba, bila kunisema.

Sasa lazima nieleze utaratibu wetu wa maziko, maana ndio Randa alioushika. Kanisani kwetu jeneza lina vishikio sita, na mfiwa mwenyewe, baba au mama au aliye mkubwa wa nyumba, ndiye anayesimama na kuwaita wabebaji wa kulipeleka kaburini, mmoja mmoja, mbele ya watu wote. Asiyeitwa hagusi jeneza. Hata uwe tajiri wa mtaa, hata uwe askofu. Ni utaratibu wa tangu kanisa lilipoanza, na hata tulipogawana benchi kila upande uliondoka nao. Mheshimiwa hakuujua. Kamanda aliujua, lakini alidhani mzee mwenye msiba ataita anaoambiwa aite.

Asubuhi ya kesho yake nilikuwa nafagia, nikamwona Randa anapita na shati lake la kanisani, anaelekea reli. Nikamfuata. Mfukoni nilikuwa na kitana changu cha chuma chenye mkia mrefu, na sikukibeba kwa ajili ya kusuka.

"Unakwenda wapi?"

"Kuita wabebaji."

"Ng'ambo? Una wazimu?" Nikamshika mkono. "Umewasamehe hawa watu? Niambie. Umewasamehe?"

"Bado."

"Sasa?"

Akasimama juu ya reli. Macho yake yalikuwa mekundu, hakuwa amelala. Akasema maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akisema kwa mkupuo. "Bwana hakusema nisubiri mpaka nijisikie vizuri. Alisema tuwapende adui zetu. Walioua wanataka nichukie. Mheshimiwa anataka nichukie. Kila mtu ana kazi ya kunipa kwenye msiba wangu. Mimi sipangiwi, dada. Nina Bwana mmoja." Kisha akaendelea kutembea, na mimi nyuma yake nikitukana chini chini.

Kule ng'ambo watu walipotuona waliingia ndani. Madirisha yakafungwa. Mama mmoja niliyemsuka miaka mingi, kichwa chake nakijua kuliko anavyokijua mumewe, alijifanya anachagua kitu chini mpaka tukapita.

Vumbi alikuwa uani kwake, amekaa kwenye gogo, mikono mitupu. Nyusi zake zilikuwa safi. Ndipo nilipojua kwamba hajafanya kazi tangu siku ile. Alipomwona Randa alisimama, akakaa, akasimama tena.

Randa akasema, "Nazika kesho. Nimekuja kukuita ubebe."

Vumbi akafunika uso. Hawakuwa wamesemezana tangu kanisa ligawanyike, na neno la kwanza ndilo hilo. Akasema, "Randa, nikuambie kitu kabla hujaniita. Kijana wangu alikuwepo pale sokoni. Sijui kama alirusha. Nimeogopa kumuuliza."

Kijana mwenyewe alikuwa pale pale, amechuchumaa pembeni ya pipa la maji, mtu mzima mwenye ndevu, amejikunyata. Waya na huyu walikua pamoja. Walibatizwa siku moja. Nilimwendea. Nilitoa kile kitana, sijui nilitaka kufanya nini nacho, na nikamwuliza mimi, kwa kuwa hao wanaume wawili waliogopa: "Ulirusha? Ulimrushia ndugu yako?"

Akasema, "Nilirusha. Sikujua ni yeye. Niliona fulana tu."

Mama yake alianguka mlangoni. Mimi nilipiga kelele, nikamwita muuaji, nikamwita majina ambayo siwezi kuyarudia nikiwa nimevaa kitambaa cha kwaya. Randa alinishika mabega akaniweka kando. Nilidhani atampiga, na Mungu anisamehe, niliomba ampige.

Akamwambia kijana, "Utakwenda polisi ukaseme hivyo hivyo ulivyosema."

"Nitakwenda, mzee."

"Kesi ni kesi. Siifuti." Kisha akamgeukia Vumbi. "Na yeye namwita abebe kwanza."

"Thubutu!" nikasema. "Kaka, thubutu!"

Randa hata hakunitazama. Alimwambia Vumbi, "Wangu amekwisha. Wako yupo. Kesho wakimvusha wangu hapa na fimbo zao, wa kwanza kufa atakuwa huyu. Simpi Mheshimiwa mtoto wa pili."

Alikwenda na kwenye nyumba nyingine, kwa fundi baiskeli, kwa mwalimu wa kwaya, kwa wazee wawili wa kanisa la ghalani. Kila mahali alisema lile lile: nazika kesho, nakuita ubebe. Wengine walikubali kwa kichwa, wengine waliangalia ukuta. Hakumsihi yeyote. Tuliporudi, alimalizia kifuniko, akaondoa shuka kwenye meza ya Bwana, na sisi ndugu tukamweka Waya ndani ya jeneza la baba yake, juu ya meza ile. Ndiyo mara pekee nimewahi kuona kitu kimewekwa juu yake tangu ilipoletwa. Nilimwambia Randa wazee wa kanisa watalalamika. Akasema walalamike. Lile jeneza la kioo lilibaki uani, na kuku wakapata kivuli.

Siku ya maziko, sisi ndugu tulipolifikisha jeneza kanisani, kanisa lilikuwa limejaa mpaka madirishani. Nje walijipanga vijana wa chama na fimbo zao. Ndani, benchi la mbele kabisa, la wafiwa, alikuwa amekaa Mheshimiwa na watu wake, na wifi yangu akasukumwa benchi la pili kwenye msiba wa mwanawe. Mchungaji wetu ni mtu mwema lakini mwoga, akiona askari wa barabarani tu anaanza kutubu. Akamwinamia Randa, nikamsikia, "Ndugu yangu, wape hao vijana jeneza, tusiingize siasa kanisani."

"Imeshaingia, mchungaji," Randa akasema. "Imekaa benchi la mbele."

Mchungaji akahubiri kidogo, sauti ikikatika. Halafu ukafika wakati wa kuita. Kamanda na wenzake watano wakaingia mlangoni, wamevaa fulana mpya, bendera imekunjwa mikononi mwao. Randa akasimama pembeni ya jeneza. Hakuwa na karatasi, hakusafisha koo.

Akaita, "Vumbi."

Kanisa zima likaguna. Nami nikatazama huku na huku, maana sikuwa nimemwona mtu yeyote wa ng'ambo, na nani angepita kwenye fimbo zile? Ndipo mlango wa chumba cha mchungaji, pale nyuma ya madhabahu, ukafunguka, akatoka Vumbi. Mchungaji akawa anaangalia sakafu. Kumbe alikuwa amewaficha humo tangu alfajiri! Mwoga yule yule! Nimemheshimu tangu siku hiyo, ingawa bado namtania.

Randa akaita fundi baiskeli, akatoka. Akamwita kijana wa Vumbi, akatoka, macho chini, shati lake jeupe limelowa jasho. Minong'ono ikaanza, maana mtaa hauna siri, kila mtu alishajua. Mtu akasema kwa sauti, "Muuaji huyo!" Mheshimiwa akasimama, akaketi tena alipoona watu wanamtazama yeye badala ya jeneza.

Randa akaita jina la nne, mwalimu wa kwaya wa ng'ambo. Kimya. Akaita mzee wa kwanza wa ghalani. Kimya. Akaita wa pili. Kimya. Waliogopa, na siwalaumu sana. Upande mmoja wa jeneza ulikuwa na watu watatu, upande wa pili vishikio vitatu vilining'inia bila mtu. Randa alibaki amesimama, na kwa mara ya kwanza katika msiba ule nikaona hajui afanye nini.

Kamanda akaona nafasi yake. Akasogea mbele na wenzake. "Mzee, sisi tupo. Tutashika huku."

"Sijakuita," Randa akasema.

"Lakini jeneza halibebwi na watu watatu, mzee. Acha vijana wamsindikize shujaa wao."

"Sijakuita, mwanangu. Rudi nyuma."

Kamanda hakurudi. Alikuwa ameshanyoosha mkono kwenye kishikio, na nyuma yake wenzake wanakunjua bendera, na nje wakaanza kuimba wimbo wa chama. Nilielewa kwamba akishika tu, basi. Wakilipata upande mmoja, watalivuta jeneza wanakotaka, na hao watatu wa ng'ambo hawatafika hata getini wakiwa hai. Kaka yangu aligeuza kichwa. Akatazama watu wa upande wetu, benchi moja baada ya jingine, majirani, wanakwaya, watu aliowatengenezea milango na vitanda vya kuzalia, na kila aliyemtazama aliinamisha macho. Kisha akanitazama mimi.

"Dada yangu," akaita.

Mwanamke kubeba jeneza kanisani kwetu hakujawahi kuonekana. Mzee mmoja akakohoa, "Utaratibu, Randa, utaratibu..."

"Utaratibu ni kuitwa," Randa akasema. "Ameitwa."

Nilitaka kukataa. Mungu wangu anajua. Kishikio cha katikati, kile alichokinyooshea mkono Kamanda, kilikuwa kinatazamana na kijana wa Vumbi, na mimi sikutaka hata kuvuta hewa anayoivuta yeye. Hasira ilikuwa imenijaa, na mpaka leo haijaisha yote, asije mtu akawadanganya kwamba nilishukiwa na nuru. Sikushukiwa na kitu. Niliutazama tu ule mkono wa Kamanda kwenye mbao za kaka yangu, nikaona ndio mkono unaotaka kula msiba wetu, na nikapandwa na ubishi wa ukoo wetu wote. Nilitoka kwenye benchi, nikamwondoa ule mkono kidole kimoja kimoja.

"Umesikia umeitwa?" nikamwuliza. "Basi pisha waliosikia."

Randa akamwita mkewe. Wifi yangu akapita mbele ya Mheshimiwa bila kumwomba radhi, akashika kishikio cha mbele. Kisha akamwita mchungaji. Mchungaji akafumba macho, akayafumbua, akavua joho lake akaliweka juu ya bendera yao, akashika cha nyuma. Wanawake wa kwaya wakaanza kuimba, kwanza mmoja, halafu wote, mpaka ule wimbo wa nje haukusikika tena.

Tukainua. Waya hakuwa mzito, ila mbao za Randa ni nzito, hajawahi kutengeneza kitu chepesi maishani mwake. Randa akatangulia. Mlangoni Kamanda na vijana wake walikuwa wameziba njia, bega kwa bega, fimbo mbele. Randa akaenda moja kwa moja mpaka kifua chake kikagusa fimbo ya kwanza, akasimama, nasi tukasimama nyuma yake na mzigo wetu. Nilisikia vijana wakipumua.

Jeneza likayumba. Nikatazama mbele yangu, ng'ambo ya kifuniko. Mkono wa kijana wa Vumbi ulikuwa unateleza kwa jasho, machozi na kamasi vinamwagika na hana mkono wa kufutia. Upande wake ulikuwa unashuka. Chuki yangu yote ilikuwa pale pale. Na bado nilijua kitu kimoja, kwamba sitaki aanguke.

"Shika vizuri," nikamwambia. "Usimwangushe tena."

Akaupeleka mkono wa pili chini ya ubao, akainua mpaka tukalingana.

"Sitamwangusha, shangazi," akasema.

Mbele yetu fimbo moja ikashushwa, kisha nyingine, na Randa akatoka mlangoni, nasi tukamfuata.